Choo cha Ghorofa Kitakwenda Wapi?

Picha ilikuwa kwenye simu ya kijana mmoja, tukiwa tumekaa barazani mtaa wa Shela hapa Malindi baada ya swala ya alasiri. Jengo refu jeupe, vioo vitupu, minazi miwili mitatu chini yake, na nyuma yake bahari ya buluu kuliko bahari yetu inavyokuwa msimu ambao Mto Sabaki unashusha tope. Hakuna aliyejua ni la nani wala litajengwa lini. Picha kama hizi hupita mjini kila baada ya muda. Nyingine hugeuka jengo, nyingine hupotea zilikotoka. Lakini mjadala uliozuka ulikuwa wa kweli. Mmoja akasema mji utapendeza na kazi zitapatikana, na mkataa pema pabaya panamwita. Mwenziwe akamjibu kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Simu ikazunguka hadi ikamfikia bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa amesimama mlangoni akimngoja mjukuu wake arudi dukani. Akaitazama kwa muda, akasema, "Mazuri haya, wanangu. Lakini choo chao kitakwenda wapi?"

Vijana wakacheka. Mimi swali lile limenikaa tangu siku hiyo, kwa sababu katika yote yaliyosemwa pale ndilo pekee ambalo mhandisi angelazimika kukaa chini na kulifanyia hesabu.

Habari za majengo marefu ya kuishi zikitufikia, husimuliwa kwa mizani ya vitanga viwili: huku wanaotaka maendeleo, kule wanaoyapinga. Anayeuliza hutiwa kwenye kitanga cha pili hata kabla hajamaliza swali. Nimekuwa nikisikiliza maoni haya kwa miaka, sokoni, kwenye tuktuk ya kwenda Maweni, nje ya msikiti, na naona mizani hiyo inawadhulumu watu wa pande zote mbili. Wanaopinga wana maswali ambayo picha haiyajibu. Wanaounga mkono wana shida ambayo picha inaahidi kuiondoa. Picha yenyewe haiulizwi kitu.

Tuanze na kisa kikubwa kuliko vyote, kilichotokea Watamu, kilomita zisizofika 30 kusini mwetu. Mwaka 2019 Kenya nzima ilikuwa ikijadili mpango wa kujenga pale jengo la ghorofa 61, urefu wake kama mita 370, lenye hoteli, nyumba za kuishi, maduka, ofisi na kasino. Ili upate kipimo, jengo la Britam jijini Nairobi, lililokamilika 2017, lina mita 200. Carlton Centre ya Johannesburg, ambalo kwa miongo kadhaa lilikuwa refu kuliko yote Afrika, lina mita 223. Watamu ni mji mdogo wa wavuvi na watalii, ambako mnazi bado ni mrefu kuliko nyumba nyingi. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikataa kutoa leseni kwa jengo lile, na mpaka leo halijasimama.

Yaliyosemwa wakati ule nayakumbuka vizuri. Upande mmoja ulitaja ajira, upande wa pili ulitaja kasa, kivuli, maji taka na sura ya mji. Suala la kivuli lilionekana dogo kwa watu wengi, kama kwamba mtu amekosa hoja. Hebu tulipime. Ufuo wa Watamu unatazama mashariki. Jua likianza kuinamia bara, kivuli cha kitu chochote kilichosimama nyuma ya ufuo hulala kuelekea mchangani na baharini. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo, yaani mnamo saa kumi na robo alasiri, jengo la mita 370 hutupa kivuli cha mita 640 hivi. Huo ndio wakati ambao mgeni ametoka kulala mchana na kurudi ufuoni, na ndio wakati ambao kijana wa mashua na muuza vinyago wanapata riziki yao.

Kasa naye ana hesabu yake. Mtoto wa kasa huwa jike au dume kulingana na joto la mchanga yai lilimolala: mchanga wa moto zaidi hutoa majike wengi, mchanga wa baridi hutoa madume. Na vitoto vikitoka shimoni usiku hufuata upande wenye mwanga, ambao tangu dunia iumbwe ni upande wa bahari. Wakiwasha taa bara, vinageuka na kupanda juu badala ya kushuka majini, vinakufa kwa kukauka au kuliwa na kaa. Kwa hivyo aliyetaja kivuli na taa mwaka ule hakuwa anatafuta kisingizio. Alikuwa anajua mahali pake.

Lakini nisiende mbali na mji. Jengo la mita 370 ni rahisi kulijadili, kwa sababu ukubwa wake unamshtua hata asiyejua kitu. Linalonisumbua mimi ni la kadiri: ghorofa nane, kumi, kumi na mbili, katikati ya Malindi, karibu na soko au nyuma ya barabara kuu, la fleti za kuuza na kupangisha. Hilo halitangazwi kwa kelele, na kwa hivyo halipati watu wa kulifanyia hesabu.

Kwanza nataka kuondoa fikra moja ambayo huwa inanikera, kwamba Mswahili anaogopa kwenda juu. Nenda Lamu ukatazame. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejaa nyumba za mawe za ghorofa mbili na nyingine tatu, zilizosimama juu ya kuta nene za matumbawe na boriti za mikoko. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Na kwenda juu kulikuwa na sababu ya kifamilia. Kwa desturi ya Lamu nyumba ilikuwa ya binti. Binti akiolewa, mume ndiye aliyemfuata kwao, na baba aliongeza ghorofa juu ya nyumba ili wanandoa wapate pao. Palipokosa nafasi, walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia mpaka ukuta wa pili, jambo lisilowezekana bila ya jirani kuridhia. Kwa hiyo mji ulipanda, ghorofa kwa ghorofa, kizazi kwa kizazi, na kila ghorofa mpya ilipoanza kupanda, mtaa mzima ulijua ni harusi ya nani.

Nyumba zile pia zilijengwa zikiangalia ndani. Unaingia dakani, unapinda, na ndipo unapokiona kiwanda, mahali palipo wazi juu ambapo wanawake wa nyumba walikaa, walipika na kuanika nguo bila ya jicho la nje. Hapa Malindi nyumba nyingi za mitaa ya zamani si za mawe ya namna hiyo, ila ua tunao, na maana yake ni ile ile. Sasa fikiria mama ambaye kwa miaka 40 ameanua nguo uani kwake bila ya kuvaa buibui. Jirani yake anajengewa ghorofa nane zenye roshani. Kutoka juu kule, ua wake ni sinia iliyofunuliwa. Mama huyu akienda kwenye mkutano akasema "sitaki jengo hili," ataandikwa kuwa amepinga maendeleo. Alichokuwa anahitaji ni mchoro unaoonyesha madirisha yanatazama wapi, na mtu wa kukaa naye aulize kama roshani za upande wake zinaweza kuwekewa ukuta wa matundu. Fundi wa Lamu wa karne ya 18 alilifikiria jambo hili. Sioni kwa nini msanifu wa leo, mwenye kompyuta, alione kuwa gumu.

Turudi kwa swali la bibi. Tuchukue jengo la ghorofa kumi, kila ghorofa nyumba sita, kila nyumba watu wanne. Hao ni watu 240 mahali palipokuwa na familia mbili tatu. Kila mtu akitumia lita 50 kwa siku, kiasi ambacho wataalamu wa afya hukihesabu kuwa cha mahitaji ya kawaida tu, jengo litataka lita 12,000 kila siku. Hiyo ni mitungi 600 ya lita 20. Maji ya mfereji ya Malindi yanatoka Baricho, visima vilivyo kando ya Mto Sabaki, na visima hivyo hivyo vinapeleka maji Kilifi mpaka Mombasa. Kila mwenyeji anajua umeme ukikatika kule, au mafuriko yakivunja bomba, ni siku ngapi tunakaa na mikokoteni ya maji. Nyumba ya chini huvumilia: una kisima cha jirani, una pipa, unatuma mtoto. Ghorofa ya tisa haivumilii. Pale juu maji hayafiki bila pampu, na pampu haizunguki bila umeme.

Kisha maji yakishatumika lazima yatoke. Kawaida kama sehemu nne kwa tano za maji yaliyoingia hurudi kama maji taka, yaani karibu lita 9,600 kwa siku kutoka jengo hilo moja. Nyumba nyingi za Malindi bado zinategemea shimo na lori la kunyonya. Lori lenye tangi la lita 10,000 litapaswa kufika mlangoni karibu kila siku ya Mungu, katika barabara ambayo tuktuk mbili zikikutana moja hurudi nyuma. Siku lori lisipokuja, au mwenye jengo akiona gharama imemzidi, maji yale yatatafuta njia yenyewe. Na ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, uliojaa matundu kama sifongo. Kinachoingia shimoni kwako leo, kesho kiko kisimani kwa jirani. Jengo likichimba kisima chake na kuvuta kwa nguvu ili lijaze matangi ya watu 240, maji matamu yanashuka na ya bahari yanaingia badala yake. Kuna visima karibu na pwani ambavyo wazee wetu walikunywa, na leo watu wanafulia tu.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona mji uliosumbuliwa na maji. Gede iko mwendo mfupi kutoka hapa, na mwaka 2024 nayo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mji ule ulikuwa na misikiti, jumba la mfalme, visima virefu, na nyumba zenye vyoo vya ndani, karne nyingi kabla ya fleti ya kwanza ya Malindi. Kufikia karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Wanaakiolojia wanataja sababu zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba maji ya visima yalishuka. Ninapopeleka wageni pale huwa nasimama muda mrefu kando ya kisima kuliko ninaposimama jumbani.

Kuhusu uimara wa majengo nitasema kwa kifupi, maana hoja yake haihitaji maneno mengi. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu zaidi ya 50. Mtu anayeuliza nani amekagua msingi na saruji ana haki ya kuonyeshwa karatasi.

Sasa niwageukie waliosema ndiyo, kwa sababu nao tumezoea kuwapuuza kwa namna nyingine. Tunasema ni vijana, wamependa vioo. Kijana aliyetuonyesha picha ile barazani ni fundi wa umeme katika hoteli. Ana mke na watoto wawili katika chumba kimoja, choo cha kushirikiana na wapangaji wengine. Kila mwezi mshahara wake hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2024, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Anaiona pesa inavyotoka. Ana haki ya kuuliza nyumba yake itakuwa wapi, na akiona jengo refu kwenye simu, moyo wake lazima upige. Mji huu ulikuwa na watu karibu 120,000 katika sensa ya 2019. Wanaolala pabaya ni wengi, na anayepinga kila jengo bila ya kusema watu hao walale wapi, mimi simwoni kuwa mtetezi wa mji.

Ila nikimsikiliza kijana huyu vizuri, anachotaka ni mlango wake mwenyewe wenye ufunguo. Na hapo ndipo historia ya Pwani inapotufundisha kuwa wagumu wa kuamini. Tuna aina ya umiliki tunayoiita nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho lako, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Mizizi yake ni mirefu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kusajili mashamba katika ukanda wa maili kumi wa Pwani. Waliofika wakadai wakapata hati; Mijikenda wengi, na waliokuwa watumwa na vizazi vyao, wakabaki wakilima na kujenga juu ya ardhi yenye jina la mwingine. Uchungu wa jambo hilo haujaisha hapa Malindi. Familia nyingi zinaijua siku ambayo mwenye hati, ambaye hawajapata kumwona, anatokea na mnunuzi.

Kwa mtu aliyelelewa katika hali hiyo, fleti ya ghorofa ya sita ni nini? Ni nyumba iliyo juu ya ardhi ambayo huwezi hata kuikanyaga kama yako. Kwa hivyo anapouliza "na ardhi ni ya nani?" msimwambie hajui mambo ya kisasa. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020 inamjibu vizuri, kama mtu atajisumbua kumweleza: mwenye fleti hupata hati yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika vitu vya pamoja kama ngazi, paa na ua. Lakini jibu hilo lina masharti. Kama ardhi iliyo chini ni ya kukodi kwa miaka fulani, hati ya fleti haiwezi kuishi zaidi ya miaka hiyo. Na kama ardhi ina mgogoro, mgogoro unapanda na wewe mpaka ghorofa ya sita. Nimewasikia wauzaji wakieleza marumaru, lifti na bwawa la kuogelea. Sijawahi kumsikia hata mmoja akianza na hati ya kiwanja.

Na kuna swali la nani atakaa. Tembea Casuarina mwezi wa tano, mvua za masika zikinyesha, hesabu nyumba zilizofunga madirisha. Wenyewe wako Ulaya na watarudi msimu ukifunguka. Katiba inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi kwa miaka isiyozidi 99, na sina ugomvi na mtu yeyote aliyenunua kwa halali. Waitaliano wamekaa na sisi miaka mingi, wengine wanazungumza Kiswahili kizuri kuliko baadhi ya maofisa wetu. Lakini jengo la fleti 60 likinunuliwa na watu wanaokaa wiki sita kwa mwaka, halijapunguza foleni ya wanaotafuta nyumba hata kwa mtu mmoja, ila limepandisha bei ya kiwanja cha jirani, na kodi ya chumba cha yule fundi wa umeme itapanda nayo. Hapo jengo limefanya kinyume cha lile lililomfanya alishangilie.

Upande wetu wa wauliza maswali nao una maneno ambayo lazima tuyaache. Nimewasikia watu wazima wakisema jengo refu litaleta "watu wa bara", litaleta wasio na dini, litaharibu mabinti zetu. Hilo silikubali. Malindi ni mji wa wageni tangu zamani. Mwaka 1415 twiga aliyepelekwa na mji huu alifika China, na mwaka 1498 Vasco da Gama alipokelewa hapa baada ya kuondoka Mombasa kwa uhasama. Mama yangu mzazi alikuja hapa kama mgeni. Mtu mwenye hofu ya choo na maji anaweza kuonyesha hesabu yake hadharani. Mwenye hofu ya kabila la jirani hana hesabu ya kuonyesha, na akisimama kwenye mkutano anawaharibia wenzake wote, kwa sababu mwenye mradi atamnukuu yeye peke yake na kuwaacha wengine.

Mikutano yenyewe sasa. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinadai, kwa mradi unaohitaji uchunguzi kamili, mabango yawekwe karibu na mahali pa ujenzi, tangazo litoke gazetini wiki mbili mfululizo, lisomwe redioni kwa lugha wanayoielewa watu wa pale, na ifanyike mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 nayo inataka anayeomba kibali cha kujenga autangazie umma, ili mwenye pingamizi alilete kwa kaunti. Karatasi ziko vizuri.

Nitaeleza nilichokiona mimi. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye kikao cha maoni juu ya mradi mmoja wa ujenzi. Daftari la mahudhurio lilipita kabla hata ya dua ya kufungua. Tukaandika majina, vitambulisho, sahihi. Picha ilionyeshwa ukutani, nzuri sana. Mtu mmoja akauliza juu ya maji, akaambiwa wataalamu wanaendelea kulifanyia kazi na jibu litakuwa kwenye ripoti. Tukapewa soda na nauli. Ripoti ilipotoka ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mamia, ofisini. Mwishoni mwake waliambatisha daftari lile la mahudhurio chini ya kichwa kinachosema jamii imeshirikishwa. Jina langu liko pale. Hakuna mahali niliposema ndiyo.

Kosa la kikao kile lilikuwa la mpangilio. Tuliulizwa kabla ya majibu kuwepo, na majibu yalipokuja hatukuulizwa tena. Lamu walilijua kosa hili na wakalipeleka mbele ya sheria. Serikali na mwekezaji walipotaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Kwasasi, watu walikuwa wameitwa kwenye mikutano, na orodha za majina zilikuwepo. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi ule, na sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kutambulisha mradi, na uchunguzi ulipofanyika watu hawakurudishiwa matokeo wayajadili. Uamuzi huo ulihusu makaa ya mawe, lakini kila mwenye kuitisha kikao juu ya ghorofa Malindi angefaa ausome kwanza.

Nikiwa na neno kwa ofisi za kaunti na manispaa yetu, ni kwamba muhtasari wa mradi wa kurasa nne uandikwe kwa Kiswahili, ambacho kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, ubandikwe sokoni na misikitini na makanisani kabla ya mkutano. Ndani yake pawe na namba: watu wangapi, lita ngapi zinaingia, lita ngapi zinatoka na zinakwenda wapi, ngazi ya gari la zimamoto inafika ghorofa ya ngapi, hati ya kiwanja ni ya aina gani, fleti ngapi zimetengwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa hoteli anaweza kulipa. Mwekezaji wa kweli ana namba hizi tayari, maana benki yake imemtaka azipeleke. Anayesema hana, bado hajafika wakati wa kutuita.

Na daftari la mahudhurio liwe na safu mbili: moja ya aliyehudhuria, nyingine ya aliyekubali. Ni mistari miwili ya rula tu.

Bibi jirani yetu nimemweleza haya yote, pamoja na hesabu ya lita 9,600. Alisikiliza, akaniuliza lori moja la kunyonya siku hizi wanatoza shilingi ngapi, na nani atalipa mwenye jengo akishauza fleti zote akaondoka. Swali hilo sikuwa nimelifikiria. Tumekubaliana kwamba siku ukiitishwa mkutano wa jengo lolote refu hapa mjini nitampitia twende pamoja. Ameniomba nimtafutie kiti cha mbele kwa sababu magoti hayamruhusu kusimama, na amesema hatatia kidole kwenye daftari mpaka ajibiwe.